Mawaidha ya Fundi Mzee kwa Wanaohangaika na Kabati

Wanangu mnaofanya kazi za ofisini, nimechoka. Kushona bado naweza: mguu unakanyaga cherehani, na jicho likisaidiwa na miwani bado linaliona tundu la sindano. Kilichonichosha ni kuwashonea nguo msizozivaa. Mnakuja na kitambaa mshahara ukitoka, mnanionyesha mshono kwenye simu, mnanihimiza mpaka nafunga duka usiku, na kabla mwezi haujageuka mnarudi na kitambaa kingine. Nikiuliza ile ya mwanzo imekwendaje, mnanijibu, "Ipo tu, mzee." Ipo tu kabatini, imebanana na nyingine za namna hiyo, na asubuhi mwenye kabati anasimama mbele yake anasema hana cha kuvaa.

Nimeishi kwa cherehani hapa Dar es Salaam tangu ujana wangu. Fundi anayewaambia wateja wake washone kidogo anajipunguzia riziki, hilo nalijua. Lakini nimekaa na futi ya kupimia shingoni muda wa kutosha kuona nguo zinavyowala watu, na umri huu haunipi ruhusa ya kunyamaza kwa ajili ya hela ya mshono.

Neno langu ni moja, nalitanguliza ili mwenye haraka aondoke nalo. Chagua vazi moja la kazi linalokufaa, shona la kutosha wiki nzima, livae kila siku ya kazi, litunze, kisha suala la nguo lifunge. Ninaposema vazi moja sina maana ya shati moja linalofuliwa usiku na kuvaliwa likiwa bichi. Nina maana ya mkato mmoja na rangi chache: mashati yanayofanana, suruali zinazofanana, au magauni ya mshono mmoja. Iwe sare yako uliyoichagua mwenyewe, bila kuamriwa na mwajiri.

Ziangalieni asubuhi zenu. Mtu anakaa Mbagala au Gongo la Mboto, kazi yake iko Posta. Ili awahi, inabidi awe kituoni alfajiri, agombee daladala na wenzake. Kabla ya hapo kuna mtoto wa kuandaliwa shule, kuna chai, kuna maji ya kuoga. Katikati ya hayo yote ndipo anatoa blauzi, anaivaa, anaona haiendani na sketi. Anatoa nyingine, haijapigwa pasi, na umeme kwenye mita umeisha tangu usiku. Ya tatu inambana. Anarudia ile ya kwanza kwa shingo upande, anatoka mbio, na siku nzima kazini anaivuta ikae vizuri. Kichwa kimechoka kabla kazi haijaanza, na kilichomchosha ni jambo ambalo angeweza kuliamua mara moja tu, Jumapili akiwa ametulia.

Halafu kuna fedha. Yupo mama anayepita maofisini na mfuko mkubwa wa nguo. Namheshimu, anatafuta riziki kama mimi. Anakopesha: chukua leo, utalipa mwezi ukiisha. Daftari lake lina majina ya idara nzima. Gauni la mwezi huu linalipwa mwezi ujao, na mwezi ujao mama anakuja na magauni mapya, kwa hiyo deni halimaliziki. Kwenye simu nako muuzaji anatuma picha, unaagiza, bodaboda anakuletea mpaka mlangoni. Wapo niliowapima mabega wakiwa na furaha ya ajira mpya, na baadaye nikawaona wameingia kwenye ile mikopo ya riba kubwa mnayoiita kausha damu. Nguo peke yake haikuwafikisha huko, ila sehemu ya deni iko kabatini na haivaliwi. Mshahara haukuongezeka, nguo ndizo zilizoongezeka.

Msidhani hili ninalowaambia limetoka ng'ambo. Ijumaa pitieni msikiti wowote wa mwambao, kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Safu zimejaa kanzu nyeupe, ya tajiri na ya mchukuzi wa bandarini, na hakuna anayemwambia mwenzake mbona wiki iliyopita ulivaa hiyo hiyo. Ukisogea karibu ndipo utaona tofauti: tarizi ya shingoni ilivyotulia, weupe ulivyotunzwa, pasi ilivyopita. Mama zetu walijifunika baibui wakaenda sokoni, hospitali na msibani, na heshima yao ilikuwa kamili bila mtu kujua chini yake kuna gauni jipya au la zamani. Nesi na askari hawaulizwi kwa nini leo wamerudia. Tumeishi na vazi moja la shughuli kwa vizazi. Mahangaiko haya ya kila siku nguo mpya ndiyo mageni.

Na mkitaka mfano wa mtu mkubwa, tunaye wetu. Picha za miaka ya 1950, wakati wa kudai uhuru, zinamwonyesha Mwalimu Nyerere na koti na tai kama wasomi wa siku zile. Baadaye, akiwa Rais, aliishika ile suti ya kola ya kufunga shingoni isiyodai tai, ambayo watu waliiita Chou En-lai, kwa jina la Waziri Mkuu wa China aliyezuru nchi yetu Juni 1965. Ile nyingine ya mikono mifupi na mifuko ya kubandika tukaiita Kaunda, kwa jina la Rais wa kwanza wa Zambia. Mafundi wa rika langu walizishona sana, kwa walimu, makarani, mameneja wa mashirika na makatibu wa chama. Mkuu wa nchi alionekana kwa miaka mingi katika mkato huo huo, na hakuna aliyesema Mwalimu hana nguo. Watu walisikiliza alichokuwa anasema.

Hapa msinielewe vibaya. Sisemi turudi kwenye dhiki. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa hapa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na viwanda vingine vya nguo vilikuwepo mikoani, lakini baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika na kanga ikapangiwa foleni. Mtu alikuwa na shati moja la kazi kwa sababu la pili halikupatikana. Ile ilikuwa shida, na shida haina sifa ya kusifiwa. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 mitumba ikamwagika, na leo pale Karume au Manzese mtu anachambua mashati ya nchi zote za dunia kwa fedha ndogo. Zamani duka tupu ndilo lililotuzuia. Sasa duka limejaa, kwa hiyo kizuizi lazima kitoke moyoni mwa mtu mwenyewe.

Basi nisikilizeni kwa makini jinsi ya kuchagua, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Msianze na picha ya kwenye simu. Anzeni na kazi yenu na njia mnayopita kwenda kazini. Mwalimu anainua mkono ubaoni kutwa nzima, kwa hiyo shati lake lazima liwe na nafasi kwapani na urefu wa kutosha lisichomoke kiunoni. Karani anakaa, kwa hiyo suruali yake inahitaji nafasi mapajani, maana ya kubana itapasukia makalioni ndani ya miezi michache hata ingeshonwa na nani. Anayepanda bodaboda au kudandia daladala anahitaji sketi yenye marinda au mpasuo unaoruhusu hatua, asije akaivuta mbele za watu. Anayekaa chini ya kiyoyozi kikali awe na kikoti chepesi kinachobaki ofisini kwenye mgongo wa kiti. Na ninyi mabinti, mwambieni fundi aweke mifuko. Gauni la kazi lisilo na mahali pa kuweka simu na nauli halijamaliza kazi yake.

Rangi zisizidi tatu. Ya chini iwe nzito: bluu iliyoiva, kijivu cha makaa au kahawia. Masika inaleta matope ya magurudumu, kiangazi kinaleta vumbi, na rangi nzito inavumilia vyote. Nyeusi ni nzuri, ila huchuja haraka juani na kuonyesha kila unyuzi wa pamba. Ya juu iwe moja au mbili zinazoendana na ile ya chini bila kufikiri: nyeupe, samawati, krimu. Kipimo ni hiki: ukiamka gizani ukashika shati lolote na suruali yoyote, viendane. Kama haviendani, bado hujachagua.

Kitambaa ndicho kinachohitaji macho. Joto la Dar kuanzia Desemba mpaka Machi halina huruma, na nguo ya polista tupu inafungia jasho ndani na kushika harufu hata baada ya kufuliwa. Pamba tupu inapumua lakini inakunjamana. Tafuteni mchanganyiko ambao pamba ni nyingi zaidi. Muuzaji akiwaambia ni pamba, ombeni nyuzi mbili za pembeni mzichome kwa kiberiti. Pamba huwaka na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kikipoa. Kisha fumbateni kipande mkononi kwa nguvu, muachie. Kikibaki na mikunjo ya kudumu, jueni pasi itawatesa. Mwisho kinyanyueni mwangani, na mkiona vidole vyenu upande wa pili, kirudisheni.

Mkishakipata, nunueni chote siku moja kutoka jora moja. Hili nalirudia kila siku na kila siku mtu ananiletea kilio kile kile. Bluu ya leo na bluu ya mwezi ujao, hata kama zimetoka kiwanda kimoja, zinaweza kupishana kidogo, kwa sababu hazikutiwa rangi siku moja. Ndani ya duka, chini ya taa, hamtaona. Mtaiona barabarani jua likiwaka, koti limekwenda kwake na suruali kwake. Kwa hiyo kikunjueni, kipelekeni mlangoni kwenye jua, kikagueni mwanzo mpaka mwisho, ndipo mlipe. Nyumbani kilowekeni usiku kucha kabla ya kukileta kwa fundi. Pamba hurudi ikionja maji, na ni afadhali irudi kabla ya mkasi kuliko baada ya vifungo.

Nunueni chote, lakini shoneni nguo moja kwanza. Ivaeni wiki mbili. Pandeni nayo daladala, kaeni nayo kikaoni, inyeshewe, ifuliwe, ipigwe pasi. Kisha irudisheni kwa fundi mseme ukweli: shingo inabana, mkono mrefu, hapa inapwaya. Fundi mzuri hakasiriki. Akisharekebisha ya kwanza, azikate zilizobaki zote kwa kipimo hicho hicho. Kwa mtu wa kazi ya siku tano, mashati matano na suruali au sketi tatu zinatosha. Viatu jozi mbili, si moja, kwa sababu ngozi inakunywa jasho la mguu na inahitaji siku nzima kukauka. Jozi mbili zinazopokezana zitadumu kuliko jozi moja inayovaliwa bila kupumzika ikifuatiwa na nyingine.

Sasa pigeni hesabu. Shati linalovaliwa mara moja kila wiki linavaliwa kama mara 50 kwa mwaka. Likikugharimu mara mbili ya shati la kawaida, bado ni rahisi kuliko gauni la bei nusu lililovaliwa mara mbili likasahaulika. Nguo ghali kuliko zote mtu anazoweza kumiliki ni ile iliyoning'inia tu.

Kabla fundi hajamaliza, mwombeni mambo mawili. Aache kitambaa cha akiba ndani ya mshono wa kiunoni, kwa sababu miili yenu itabadilika. Na awape vifungo vya ziada pamoja na vipande vilivyobaki. Siku moja vitahitajika. Shati huanza kuzeekea kwenye kola. Mwili wake bado mzima, mgongo mzima, mikono mizima, lakini pale kwenye mkunjo, shingo inaposugua na jasho linapokaa, nyuzi zinakatika na mstari mweupe unajitokeza. Vijana wengi hulitupa hapo. Lileteni. Fundi anaifumua kola inapoungana na shingo, anaigeuza upande wa chini uje juu, anaishona palepale ilipokuwa. Upande uliojificha muda wote unatoka ukiwa mpya kabisa, na shati linapata maisha mengine. Kazi hiyo inaitwa kugeuza kola, na mafundi wanaoijua wanazidi kupungua kwa sababu hakuna anayewaomba tena waifanye.

Utunzaji ndio nusu ya sare. Fueni mwisho wa wiki, zigeuzeni ndani nje, anikeni kivulini ili zisichuje, pigeni pasi zote kwa mkupuo mmoja, zipangeni. Watu hawamdharau anayerudia shati safi. Wanamkwepa mwenye shati jipya lenye kwapa lililochacha. Ukiwa na vazi moja lililonyooka, mtu atakuita nadhifu, na unadhifu ndio tulioulizwa na wazee wetu, wingi hatukuulizwa.

Hapa nawageukia mabinti zangu, kwa sababu najua mzigo huu ni wenu zaidi. Mwanamume akivaa shati la bluu Jumatatu na la bluu Jumatano, hakuna anayesema neno. Mwanamke akirudia gauni ndani ya wiki moja, kuna mtu amekwishahesabu. Huu si uzushi wa wivu wenu. Nchini Australia, mwaka 2014, mtangazaji wa televisheni Karl Stefanovic alifichua kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akitokea kwenye kipindi cha asubuhi karibu kila siku na suti ile ile ya bluu. Watazamaji hawakugundua. Alifanya makusudi, kwa sababu mwenzake wa kike katika kipindi hicho, Lisa Wilkinson, alikuwa akiandamwa na maneno kuhusu nguo zake. Suti yake ya mwaka mzima haikuonwa, nguo za mwenzake zilijadiliwa kila zilipobadilika.

Lakini yupo pia mwanamke aliyeukata mzizi huo. Matilda Kahl, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa katika kampuni ya matangazo huko New York, aliandika mwaka 2015 katika jarida la Harper's Bazaar kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akienda kazini na blauzi nyeupe ya hariri na suruali nyeusi, kila siku. Alifikia uamuzi huo baada ya asubuhi ya Jumatatu aliyohangaika na nguo mpaka akachelewa mkutano. Alinunua blauzi nyingi za aina moja, akaendelea na kazi yake. Wenzake waliuliza mwanzoni, wakazoea. Maneno ya watu yana mwisho, mabinti zangu, mradi mhusika asiyape chakula. Atakayekuuliza, mjibu kwa utulivu kwamba hii ndiyo nguo yako ya kazi, kisha ongeeni mengine. Anayekuhesabia magauni hakulipii kodi ya nyumba.

Na ninyi wanaume na wakubwa wa ofisi, mna dhambi yenu hapa. Acheni kusifia nguo mpya za wafanyakazi wa kike kana kwamba ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya. Sifa hiyo hugeuka kuwa kodi inayolipwa kila mwezi na asiyekuwa nacho. Msifieni binti kwa hesabu alizofunga bila kosa na kwa wateja aliowahudumia wakaridhika.

Jueni pia kanuni za mahali penu kabla ya kukata kitambaa. Mtumishi wa umma hapa Tanzania ana waraka kuhusu mavazi ya kazini, na anapaswa kuusoma. Kenya, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, ilhali Rais William Ruto mwenyewe anazipenda na kuzivaa hadharani. Waliokuwa wamejishonea za kutosha ilibidi wazivae kwingine. Na kama ofisi yenu inavaa vitenge Ijumaa, liingizeni hilo kwenye mpango: shati moja au gauni moja la kitenge kwa mkato ule ule mliozoea, na Ijumaa nayo imepata jibu.

Wengine mtaniambia kwamba maisha bila urembo ni makavu. Nakubali, na sijawahi kuupiga vita urembo, umenilisha. Idi ina nguo yake, Krismasi ina nguo yake, na mtoko wa kweli unastahili nguo ya mtoko. Mtu aliyepunguza nguo za kazi ndiye anayeweza kushona moja ya sikukuu kwa kitambaa kizuri, akaivaa kwa raha bila deni nyuma yake. Ninachowaomba ni kuangalia zile sare za harusi. Kila harusi na kitambaa chake, kila ukoo na rangi yake, na mchango wenyewe haujakamilika. Si lazima ukatae, maana umoja wa ndugu una thamani. Mwambie fundi akushonee mshono uliotulia, usio na mkia wala manjonjo ya usiku mmoja, ili kitambaa hicho kikufae tena Ijumaa ofisini. Na pale ambapo mfuko hauruhusu, toa mchango wako, vaa ulichonacho kikiwa safi, keti na ndugu zako. Bwana harusi hatakosa mke kwa sababu hukushona.

Msiende sasa hivi kulimwaga kabati lote nje. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa mwezi mmoja tazameni tu ni nguo zipi mkono wenu unazifuata siku mnayohitaji kujiamini, siku ya usaili, siku ya kukutana na mkubwa, siku mmechelewa. Mtakuta ni mbili au tatu, zile zile. Hizo ndizo mlizozichagua tayari bila kujua. Zileteni kwa fundi aangalie mkato wake, mjenge sare juu yake. Zilizobaki zigaweni zingali na hali nzuri: mdogo wako anayetafuta kazi anahitaji shati la usaili kuliko kabati lako linavyolihitaji. Na kwa miezi sita baada ya hapo, hata ukipita Kariakoo ukavutwa mkono, usinunue nguo ya kazi.

Najua baadhi yenu mtayasikia haya na kuniona mzee aliyepitwa na wakati. Si neno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sitamani mguu wa yeyote kati yenu uvunjike, ndiyo maana narudia nikiwa na subira ileile. Akili ya mtu ina kiasi chake kwa siku, na mshahara una kiasi chake kwa mwezi. Vyote viwili mnavimwaga kwenye jambo ambalo jioni hakuna anayelikumbuka. Mwajiri anakulipa kwa kazi uliyoifanya, na wanao watakukumbuka kwa jinsi ulivyowalea. Chagua vazi lako wiki hii, lishone vizuri, livae likiwa safi, na usilijadili tena na mtu.